Mtwara hadi Lindi kwa baiskeli: maswali kuhusu siku ya kwanza ya msafara

Kila mwaka, wakati wa upepo wa kusi, kikundi chetu hutoka Mtwara mjini kwa baiskeli kwenda Dar es Salaam. Ni safari ya kama kilomita 560, na tunaimaliza kwa siku saba, moja kati ya hizo ikiwa ya kupumzika. Wanaotaka kujiunga huuliza sana kuhusu siku ya kwanza, na wana haki. Katika miaka yote niliyoongoza, karibu kila aliyeshindwa kufika Dar aliharibu safari yake kabla ya kuiona Lindi. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuendesha zaidi ya kilomita 40 kwa siku.

## Mambo ya mwanzo

Siku ya kwanza ni kilomita ngapi, na tunapita wapi?

Ni kama kilomita 110, zote lami. Tunatoka mjini, tunapita Mikindani, tunapanda kuelekea Msijute na Mpapura, tunaingia Mkoa wa Lindi, tunapita Madangwa na Mnolela, kisha tunafika Mnazi Mmoja pale Mingoyo. Hapo barabara inagawanyika: kushoto ni Masasi, kulia ni Lindi. Kutoka hapo zimebaki zaidi ya kilomita 20, na ndizo ngumu kuliko zote. Sababu nimeieleza kwenye swali la upepo.

Kwa nini msiigawe siku hiyo mara mbili?

Tulijaribu. Watu walilala njiani wakiwa hawajachoka vya kutosha kupata usingizi, na siku ya pili wakajikuta na kipande kirefu zaidi cha kufidia. Baada ya Lindi vituo vyenye gesti na chakula cha uhakika viko mbalimbali kuliko huku kusini, kwa hiyo ni heri mwili ujue mapema maana ya kilomita mia. Ila siku hiyo hatushindani na yeyote. Ukitaka kupima nguvu zako, subiri siku ya tano.

Mnaondoka saa ngapi?

Saa 12 na nusu asubuhi magurudumu yanazunguka. Julai na Agosti jua la Mtwara huchomoza karibu na saa hiyo, kwa hiyo barabara inaonekana na joto bado halijapanda. Kukusanyika ni saa 11 na nusu: tunakunywa chai, tunakagua baiskeli, tunahesabiana.

Saa hii niliijua kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza tulimsubiri mwenzetu ambaye alikuwa kwa fundi akibadilisha tyubu, tukaondoka saa 2 na dakika 20. Tulipofika Mnazi Mmoja kivuli kilikuwa kirefu kuliko baiskeli. Giza lilitukuta hatujafika Ngongo, watu tisa tukiwa na taa mbili, na malori yanapita. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua kando ya barabara alisimama akatumulikia kwa simu yake hadi wote tukapita. Tangu hapo anayechelewa tunamwacha, naye anatufuata kwa gari hadi Mikindani au Mpapura. Hilo tunamwambia kila mtu mapema ili asije akaona ameonewa.

Mwezi gani unafaa?

Kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua za kusini huanza karibu na Desemba na kwenda hadi Aprili, wakati mwingine zikagusa Mei. Oktoba na Novemba hakuna mvua nyingi, lakini joto limeshapanda, na msimu wa korosho umefunguliwa, kwa hiyo malori yanaongezeka barabarani. Mwezi wangu ni Julai: asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, na kusi linavuma.

Nahitaji mazoezi ya muda gani kabla?

Wiki nane kwa mtu mwenye afya ya kawaida. Endesha mara tatu kwa wiki, na mara moja kati ya hizo iwe ndefu, ukiongeza kidogo kidogo hadi uweze kilomita 70 bila kuumia kesho yake. Ukiweza 70 peke yako, 110 pamoja na kikundi utazifika. Mazoezi mawili ya mwisho yafanye ukiwa na mzigo uleule utakaosafiri nao. Baiskeli yenye mzigo ina tabia nyingine kabisa, hasa kwenye kona na kwenye breki.

## Baiskeli na mzigo

Je, baiskeli ya kawaida isiyo na gia inafaa?

Inafaa. Wenzetu wawili wameshafika Dar na Phoenix, na mmoja wao alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Kwenye mlima wa kutoka Mikindani utashuka usukume, na hakuna aibu, wenye gia pia husukuma. Faida yake ni kwamba kifaa chochote kikiharibika, duka la kijiji chochote lina mbadala wake. Baiskeli ya bei kubwa yenye breki za diski ikikatika kitu Mpapura, kifaa chake kinaweza kuwa Dar es Salaam.

Linalotushinda ni baiskeli mbovu, iwe ya gharama au ya bei rahisi. Wiki moja kabla ipeleke kwa fundi unayemwamini. Mwambie afungue haabu zote mbili, aangalie goroli, apake grisi upya, abadilishe raba za breki na waya wake, anyooshe rimu. Kisha iendeshe angalau kilomita 30 kabla ya siku yenyewe. Matengenezo ya usiku wa kuamkia safari yametuangusha zaidi ya mara moja: nati haikukazwa, au cheni mpya ikagombana na meno yaliyolika.

Kiti kiwe juu kiasi gani?

Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande. Ukihamishia sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi huku tumezoea kiti cha chini ili miguu ifike ardhini. Kwa kwenda sokoni hakuna ubaya, lakini kwa kilomita 110 magoti yatavimba.

Nibebe nini siku ya kwanza?

Tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spana ya kufungulia magurudumu, spoki tatu za saizi yako, waya mmoja wa breki. Taa ya mbele na ya nyuma hata kama unaamini utafika mchana. Maji lita mbili na nusu hadi tatu. Nguo za kubadilisha mara moja, sweta, kikoi au kanga, chandarua kama huamini cha gesti, sabuni, mafuta ya mgando, kitambulisho, fedha taslimu kidogo kidogo kwa ajili ya vibandani. Helmeti ni lazima: asiye nayo haondoki na sisi. Jaketi la kuakisi mwanga tunalo la kumwazima kila mtu.

Mzigo wote usizidi kilo 12. Kila mwaka kuna anayekuja na jeans tatu.

Mzigo nifungeje?

Nusu huku, nusu kule, na vizito chini. Kwenye karia watu hurundika begi moja kubwa juu, baiskeli ikawa kama punda aliyelewa kwenye mteremko. Tumia mifuko miwili ya pembeni, hata ya sandarusi iliyoshonwa, na kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu. Hakikisha hakuna ncha ya kamba inayoning'inia karibu na spoki.

Niliwahi kukatikiwa na spoki tatu za nyuma nilipokuwa nimepita Mpapura. Chini ya mkorosho kulikuwa na mzee mmoja amepindua baiskeli ya mtoto wa shule, anaziba pancha. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, bado hajaniangalia, anaangalia gurudumu. "Mzigo wote umeulaza nyuma. Gurudumu linalia." Akatoa spoki kuukuu kutoka kopo la maziwa, akazipima kwa jicho, akazikunja ncha kwa koleo zikaingia. Kisha akafanya jambo ambalo nimelichukua hadi leo: akapita na kidole akigusa spoki moja baada ya nyingine kama anayepiga zeze, akisikiliza. Iliyotoa sauti nene akaikaza, iliyolia sana akailegeza. Gurudumu lile halikusumbua tena hadi Mbagala. Jioni ukifika Lindi, gusa spoki zako hivyo. Ni dakika moja tu.

Upepo wa tairi uwe kiasi gani?

Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango cha chini na cha juu. Nyuma, penye mzigo, karibia kile cha juu. Mbele punguza kidogo ili mikono isitetemeke. Usijaze hadi mwisho asubuhi halafu ukaiegesha baiskeli juani saa za mapumziko. Egesha kivulini.

## Barabarani

Msafara unajipangaje?

Tunagawana makundi ya watu watano au wasiozidi sita, kila kundi mstari mmoja, upande wa kushoto. Kati ya kundi na kundi tunaacha nafasi ya kutosha lori kuingia, angalau mita mia. Mstari wa watu ishirini walioshikana haupitiki. Dereva atangoja, atachoka, kisha atapita mahali pabaya.

Mbele ya kila kundi kuna kinara, na nyuma yuko mfunga mkia. Kinara ana kazi moja, kutokwenda haraka. Mfunga mkia ana spana, pampu na dawa za huduma ya kwanza, na hapitwi na mtu nyuma. Mwendo wa kundi unawekwa na aliye dhaifu siku hiyo, hata kama jana alikuwa wa kwanza. Ndiyo maana huyo tunamweka wa pili kwenye mstari, nyuma ya kinara, asivunjwe moyo na mgongo wa wenzake unaopotea mbele.

Mwendo gani unatosha?

Kilomita 15 hadi 16 kwa saa mkiwa kwenye mwendo. Kwa mwendo huo utaendesha kama saa saba na kupumzika karibu saa tatu, ukafika Lindi saa 10 jioni au kupita kidogo, jua likizama kama saa 12 na robo.

Hatari kubwa iko kwenye kilomita kumi za mwanzo. Kutoka mjini hadi Mikindani barabara ni nyepesi, hewa ni baridi, watoto wa shule wanapiga kelele, miguu ina usingizi wa usiku mzima. Kila mtu anajiona ana mbawa. Nimeshuhudia vijana wenye mapaja kama nguzo wakiruka hadi Mikindani kwa dakika ishirini, kisha saa 6 mchana wamelala chini ya mwembe, macho meupe. Kipimo chetu ni mazungumzo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha. Hadi Mpapura nataka kusikia watu wanaongea.

Mlima wa Mikindani ni mkali?

Kwa mtu aliyelala vizuri, hapana. Ghuba unaiacha nyuma, barabara inapanda, na baada ya hapo ni kupanda na kushuka kwa muda mrefu. Tumia gia nyepesi kabla hujaanza kupanda, si katikati. Kaa kitini, pumua kwa tumbo, usiangalie kileleni. Ukisukuma, sukuma ukiwa upande wa kushoto wa baiskeli ili baiskeli iwe kati yako na magari.

Mikindani yenyewe tunasimama dakika kumi tu, na watu hunung'unika kwa sababu ni mji wa kuutazama: majumba ya mawe, milango ya nakshi, boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895. David Livingstone alipita hapa mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Ninachoshauri ni kuja Mtwara siku moja kabla ukaitembelee Mikindani jioni kwa daladala, bila haraka. Asubuhi ya safari inahitaji miguu yako.

Malori je?

Ni mengi, ya saruji kutoka kiwandani Msijute, ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandarini, na mabasi ya Dar ambayo hayana subira. Sikilizeni nyuma, kwa hiyo hakuna vifaa vya kusikilizia muziki masikioni, hata sikio moja. Mfunga mkia akiona gari anasema "Gari nyuma!" na neno linapitishwa hadi mbele. Kinara akiona shimo, mchanga au mbuzi, anasema na kuonyesha kwa mkono. Lori likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma nje kisha unakuvuta ndani. Shika usukani imara, viwiko vikiwa vimelegea, usigeuke kutazama.

Asubuhi kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Sisi tunaelekea magharibi, jua liko mgongoni, tunaona kila kitu. Dereva anayekuja kutoka Lindi analo jua usoni. Akiamua kulipita gari lingine anaweza asikuone kabisa. Hadi saa 2 asubuhi vaeni rangi kali na mwashe taa za mbele.

Upepo unasaidia au unazuia?

Kusi hutoka kusini mashariki. Kuanzia Mikindani hadi Mnazi Mmoja barabara inakwenda magharibi ikipinda kaskazini, kwa hiyo upepo uko nyuma yako na hutauhisi. Utafikiri ni nguvu zako. Pale Mnazi Mmoja unakata kulia kuelekea Lindi, na ghafla upepo uleule unakupiga ubavu wa kulia, saa za mchana ambapo umeshika kasi. Ndiyo sababu kilomita 20 hizo zinachosha kuliko 40 zilizotangulia.

Hapo usijifiche moja kwa moja nyuma ya mwenzako. Kaa nyuma yake kidogo upande wa kushoto, ambako mwili wake unakukinga, mradi usitoke kwenye lami. Shikeni ukinara kwa zamu fupi, dakika tano tano. Na basi likipita linakata upepo kwa sekunde moja kisha upepo unarudi wote kwa pamoja, jiandae.

Mnasimama wapi?

Mikindani, juu baada ya mlima, Mpapura, kisha mapumziko marefu kati ya saa 5 na nusu na saa 7 mahali penye kivuli na mama lishe, mara nyingi maeneo ya Madangwa. Mnazi Mmoja ni chai na matunda, nusu saa.

## Kula, kunywa na mwili

Ninywe maji kiasi gani?

Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafunda madogo kila dakika kumi au kumi na tano. Siku nzima utafikisha lita tano hadi sita. Usisubiri kiu.

Lakini maji matupu hayatoshi, maana jasho linatoa chumvi pia. Mtu akinywa maji mengi bila chumvi anaweza kupata kichwa kuuma, kichefuchefu na hata kuchanganyikiwa, na watu wakazidi kumpa maji wakidhani wanamsaidia. Chupa moja kati ya mbili iwe na ORS, ile ya paketi ya duka la dawa. Ukiikosa, tengeneza: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha. Dafu la Mikindani ni zuri na lina sukari na madini, ila chumvi yake ni ndogo. Lifuatishe na kitu chenye chumvi.

Nile nini?

Asubuhi: uji, chapati au mihogo ya kuchemsha, chai ya sukari. Barabarani kula kidogo kila baada ya dakika arobaini, hata kama huna njaa: ndizi mbivu, tende, kashata, andazi. Mchana wali na samaki, kiasi. Ugali wa muhogo naupenda na nimekulia nao, lakini uache hadi Lindi, kwa sababu ukishiba nao mchana mwili utataka kulala.

Watu huuliza kwa nini siweki korosho za kwanza kwenye orodha, nasi tuko nchi ya korosho. Korosho ina mafuta mengi na huchelewa kusagwa tumboni. Ni nzuri kwenye mapumziko marefu na jioni. Mtu aliyeishiwa nguvu ghafla, anatetemeka na jasho baridi linamtoka, korosho hazitamwinua. Huyo mpe soda au maji ya sukari, akae kivulini, na baada ya robo saa mpe ndizi.

Makalio na mikono vinauma. Ni kawaida?

Maumivu ya kukaa ni ya kawaida siku mbili tatu za mwanzo. Michubuko si ya kawaida, inazuilika. Paka mafuta ya mgando mapajani na sehemu zote zinazosuguana kabla ya kuondoka na tena mchana. Vaa kaptura ya kubana isiyo na mshono mnene katikati, na juu yake vaa unachotaka. Jioni oga mara moja, kausha, lala na nguo pana. Mikono ikifa ganzi, badilisha namna ya kushika kila dakika chache, na uangalie kama kiti kimeinamia mbele.

Goti likiuma kwa mbele, inua kiti kidogo. Likiuma kwa nyuma, kishushe.

Nikiwa kwenye hedhi naweza kuendesha?

Dada, unaweza kama mwili wako unakuruhusu. Wengi wetu tumeendesha. Beba akiba ya kutosha hadi Lindi, kwa sababu maduka ya vijijini hayana chaguo, na mwambie mfunga mkia au dada yeyote wa kundi lako kwamba utahitaji kusimama mara nyingi zaidi. Hakuna atakayekuuliza sababu.

Dalili gani zinanitaka nisimame kabisa?

Jasho limekatika ilhali jua ni kali, ngozi ya moto, maneno yanachanganyika, kutapika, maumivu ya kifua. Hapo hakuna kupiga moyo konde. Mtu analazwa kivulini, analoweshwa maji shingoni na kwapani, anapepewa, na gari linatafutwa.

## Kufika Lindi

Tunalala wapi, na baiskeli zinakaa wapi?

Gesti za kawaida mjini, wawili wawili. Tunapiga simu mapema kuuliza jambo moja kabla ya bei: baiskeli zitaingia ndani? Niliwahi kulala gesti ambayo mhudumu aliahidi mlinzi usiku kucha, asubuhi nikakuta pampu, taa na kiti havipo. Tangu hapo baiskeli yangu hulala chumbani nami. Beba kitambulisho, utaandikishwa kitabuni.

Jioni nifanye nini kwanza?

Mpangilio ni huu, na tafadhali usiugeuze: kunywa, kula kitu kidogo, kuoga, kukagua baiskeli, ndipo kulala kidogo au kwenda ufukweni. Ukijitupa kitandani kwanza, hutakula hadi usiku na asubuhi miguu itakuwa magogo. Kukagua baiskeli ni spoki (tazama swali la mzigo), breki, cheni kufutwa vumbi na kutiwa mafuta, tairi kukaguliwa kwa kidole kama kuna miiba au vipande vya waya.

Tukishakula tunakaa pamoja nusu saa. Kila mtu anasema kilichomuuma. Mwenye aibu hasemi, kwa hiyo tunaanza na viongozi.

Naweza kuendelea hadi Tendaguru nikaone mahali pa dinosaria?

Si kwenye safari hii. Tendaguru iko kaskazini magharibi ya Lindi, kwa njia ya vumbi na mchanga. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, na mifupa ya yule mnyama mkubwa, yenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimamishwa Berlin. Inafaa safari yake, ukiwa na siku mbili na mwenyeji.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Safari ikiangukia Ijumaa au Ramadhani?

Ijumaa tunapanga mapumziko marefu yawe karibu na msikiti, na wenye kuswali wanapata muda wao bila kukimbizwa. Ramadhani hatupangi msafara. Ukisafiri mwenyewe mwezi huo na hufungi, pwani yote hii watu wamefunga: kula na kunywa kwa staha, kaa pembeni, si katikati ya kijiji. Na vibanda vingi vitakuwa vimefungwa mchana, kwa hiyo beba chakula chako.

Vijijini nijiendesheje?

Punguza mwendo na salimia. Mzee anapewa shikamoo hata kama unapanda mlima na pumzi imekwisha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Dada na kaka, mkishuka kwenye baiskeli kuingia kibandani au msikitini, jifungeni kanga au kikoi juu ya kaptura. Watoto watakukimbilia. Wasalimie kwa sauti, lakini usitupe pipi, wataingia barabarani kuzifuata.

Nikishindwa katikati?

Unamwambia mfunga mkia, naye anabaki nawe hadi usafiri upatikane. Mnazi Mmoja ndiyo mahali rahisi zaidi, magari ya Lindi, Masasi na Mtwara yote yanapita. Baiskeli hupanda juu ya basi dogo au kwenye buti kwa makubaliano. Toa magurudumu mwenyewe na uyafunge pamoja, usimwachie utingo.

Tuna mstari mmoja usiojadiliwa: ambaye hajafika Mnazi Mmoja saa 10 jioni anamalizia kwa gari. Kesho yake anaendelea na wenzake kama kawaida. Wapo waliopanda gari siku ya kwanza na wakaingia Dar wakipiga kengele.

Ikitokea ajali?

Kwanza mzuie mwingine asigongwe: mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, mbali, wakipunga nguo. Usimwinue aliyeumia shingo au mgongo hadi kuwe na watu wa kumbeba akiwa amenyooka. Piga 112. Ukiwa karibu na Mtwara, hospitali ni Ligula au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Karibu na Lindi ni Sokoine. Polisi watatoa fomu ya PF3, ifuatilie hata kama majeraha yanaonekana madogo. Michubuko osha kwa maji mengi na sabuni siku hiyohiyo, mchanga ukibaki ndani utajuta ukifika Somanga, huko mbele njiani.

Naweza kuja na mwanangu wa miaka kumi na nne?

Kwenye siku ya kwanza tu, ndiyo, akiwa na mzazi kwenye kundi lake na ameshaendesha kilomita 60 kwa mazoezi. Kesho yake asubuhi anarudi Mtwara kwa basi. Mwaka jana tulikuwa na binti mmoja wa umri huo. Kutoka Mnazi Mmoja alikaa wa pili, nyuma yangu, kimya, upepo unampiga. Tulipoiona bahari ya Lindi aliuliza kama anaweza kukaa mbele. Nikampisha, akatuingiza mjini.